Otagaki Rengetsu: Malenga Aliyeandika Udongoni

Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga, na wazazi pamoja na walimu wameirudia methali hiyo kizazi baada ya kizazi kila wanapomrudi mtoto. Udongo ukishakauka haufinyangiki, na ukilazimishwa huvunjika. Ni nadra mtu kuuliza iwapo methali hii ina lolote la kumwambia mja ambaye ujana umempita na ulimwengu umekwisha kumgaragaza. Otagaki Rengetsu, mtawa na malenga wa Kijapani wa karne ya kumi na tisa, alikuwa amepindukia umri wa miaka arobaini alipotia mikono yake katika udongo wa mfinyanzi. Wakati huo alikuwa amekwisha kuolewa mara mbili, kuwazika watoto wake wote, na kuwazika waliomlea. Alipoaga dunia mwaka wa 1875, akiwa na umri wa miaka 84, mabuli na vikombe vyake vilikuwa vimeenea katika nyumba za matajiri na za makabwela mjini Kyoto, na juu ya vyombo vingi kati ya hivyo palikuwa na shairi alilolitunga mwenyewe na kuliandika kwa mkono wake.

Wanaoyasimulia maisha yake huelekea pande mbili. Wapo wanaomsawiri kama mjane fukara aliyefinyanga ili apate kuendesha maisha, na wapo wanaomsawiri kama msanii mteule ambaye udongo ulikuwa ukimngojea tangu utotoni. Pande zote mbili zimeshika ukweli nusu nusu. Njaa ndiyo iliyomsukuma mlangoni, hilo halina shaka. Lakini alichokifanya alipokwisha kuingia ndani hakielezeki kwa njaa peke yake, kwa sababu buli lisilo na shairi lingemletea mchele vilevile.

Alizaliwa mwaka wa 1791 mjini Kyoto. Mji huo ulikuwa makao ya mfalme mkuu wa Japani, ingawa enzi hizo hatamu za utawala zilishikwa na ukoo wa majemadari wa Tokugawa waliokaa Edo, mji unaoitwa Tokyo hivi leo. Inaaminika kuwa babake mzazi alikuwa mtu wa tabaka la juu katika ukoo wa Todo, na mamake alikuwa mmoja wa wanawake waliowatumbuiza wakwasi katika mitaa ya starehe. Mtoto wa namna hiyo hakuweza kulelewa hadharani. Siku chache baada ya kuzaliwa alikabidhiwa kwa mzee Otagaki, samurai wa cheo cha chini aliyehudumu katika hekalu la Chion-in, hekalu kuu la madhehebu ya Jodo ya dini ya Budha, chini ya vilima vya mashariki ya mji. Akapewa jina la Nobu.

Alipokuwa na umri wa takribani miaka minane alipelekwa katika ngome ya Kameoka, magharibi ya Kyoto, kuwa mmoja wa wasichana waliomtumikia bibi wa ngome hiyo. Alikaa huko hadi alipofikia umri wa kuolewa. Alifundishwa kushona, kucheza ngoma za kiungwana, kutumia silaha za kujihami, kutunga mashairi na, jambo lililokuja kuwa na uzito mkubwa baadaye, kuandika khati nzuri. Kwa Wajapani, khati ni sanaa kamili. Anayeandika kwa brashi na wino hawezi kufuta wala kurudia, na kila mkwaruzo huonyesha hali ya nafsi yake kwa dakika ile. Wasomaji waliozoea kuona aya zilizonakshiwa katika misikiti na milango ya mwambao hawatahitaji kuelezwa zaidi jinsi maandishi yanavyoweza kuwa pambo na maana kwa wakati mmoja.

Ndoa yake ya kwanza haikuwa na heri. Alizaa watoto watatu, na wote watatu wakafariki wangali wachanga. Ndoa yenyewe ikavunjika mwaka wa 1815, na mume huyo akafariki mwaka uo huo. Mwaka wa 1819 aliolewa tena, na safari hii alimpata mtu waliyependana na kusikilizana. Furaha hiyo ilidumu miaka minne tu. Mwaka wa 1823 maradhi yalimchukua mume wa pili, na Nobu, akiwa na umri wa miaka 32, akanyoa nywele zake na kuingia utawani. Mzee Otagaki naye alichukua nadhiri pamoja na binti yake wa kulea. Huo ndio wakati Nobu alipopewa jina la Rengetsu, lenye maana ya yungiyungi na mwezi, alama mbili zinazopendwa sana katika dini ya Budha, yungiyungi likiwa ua safi linaloota katika matope.

Baba na binti waliishi katika kijumba kimoja ndani ya viwanja vya Chion-in. Mauti hayakuwa yamemaliza kazi yao. Watoto waliosalia wakafariki, na mwaka wa 1832 mzee Otagaki, mtu wa mwisho aliyembakia, akaenda mbele ya haki. Rengetsu hakuwa na haki ya kuendelea kuishi hekaluni peke yake. Alifunga virago vyake, akahamia Okazaki, ng'ambo ya mashariki ya mto Kamo, sehemu iliyokuwa bado na mashamba, na kuanza kujiuliza atakula nini.

Hapa ndipo simulizi zinapoanza kuchanganyika na ngano. Rengetsu alisifika kwa uzuri, na inasimuliwa kuwa aling'oa meno yake kwa mkono wake mwenyewe ili wanaume waache kumposa. Ni vigumu kusema kama jambo hilo lilitokea. Umuhimu wa kisa hicho upo katika kile ambacho watu wa Kyoto waliona ni budi wakiseme juu yake: kwamba mwanamke mwenye sura, asiye na baba wala mume, hakuweza kuachwa akae peke yake pasipo kulipia gharama ya kutisha.

Kazi alizoweza kuzifanya zilikuwa chache. Alikuwa stadi wa mchezo wa go, mchezo wa kete nyeusi na nyeupe ambao, kama bao letu, hudai akili ya kuona mbali. Inasemekana aliliacha wazo la kuufundisha kwa kuwa wanaume wasingependa kukaa mbele ya mwanamke na kusahihishwa. Kufundisha ushairi kungewezekana, lakini hakujiona kuwa ana hadhi ya kuitwa mwalimu. Kilichobaki kilikuwa udongo.

Mtaa wa Awata, uliokuwa jirani, ulikuwa na matanuri ya ufinyanzi ya tangu jadi. Kyoto ilikuwa na majina makubwa katika fani hiyo, na karakana nyingi zilirithiwa na baba kwa mwana, kunga zake zikifichwa ndani ya ukoo. Mwanamke wa makamo, tena mtawa, hakuwa na mlango wa kupitia humo. Rengetsu alifundishwa mambo ya awali na mwanamke mzee wa mtaa huo, basi. Hakupitia uanagenzi wa miaka mingi, na hakuwa na tanuri lake mwenyewe. Vyombo vyake vilipokauka vilibebwa hadi kwenye matanuri ya wengine ili vichomwe humo pamoja na vyao.

Namna alivyofinyanga inastahili kuelezwa. Mafundi wa Kyoto walitumia gurudumu, ambalo huzungusha udongo na kukipa chombo umbo la duara lisilo na dosari. Rengetsu alifinyanga kwa mikono mitupu. Aliukanda udongo, akaubonyeza na kuuinua kidogo kidogo mpaka ukawa kikombe, buli, chupa ya mvinyo wa mchele, sahani ya vitafunio, chombo cha maua au kikasha cha ubani. Kuta za vyombo hivyo hazilingani unene. Midomo ya vikombe hupanda na kushuka. Alama za vidole vyake zimebaki zikionekana wazi kwenye mengi ya mabuli, kana kwamba mtu ameyashika na kuyaachilia sasa hivi. Vingi havikupakwa ule utando wa kioo unaokifanya chombo king'are, na vile vilivyopakwa vilipakwa kwa wepesi, rangi ya udongo ikaachwa izungumze yenyewe. Mwenyewe aliviona vyombo hivyo kuwa duni na aliwahi kukiri hivyo. Kwa kipimo cha mafundi wa gurudumu, hakukosea.

Lakini kabla udongo haujakauka, Rengetsu alichukua kijiti chenye ncha akachora shairi juu yake. Wakati mwingine alisubiri chombo kikauke na kuliandika kwa brashi. Mashairi hayo ni ya bahari iitwayo waka, utungo mfupi ambao Wajapani wameutumia kwa zaidi ya miaka elfu moja. Waka huwa na mishororo mitano, wa kwanza mizani 5, wa pili 7, wa tatu 5, wa nne na wa tano 7 kila mmoja, jumla mizani 31. Hauna vina. Mwanafunzi aliyezoea tarbia, yenye mizani 16 katika kila mshororo na vina vya kati na vya mwisho, ataona kuwa shairi zima la waka halifikii mishororo miwili ya ubeti wa kwetu. Katika nafasi hiyo finyu malenga hutakiwa kuweka msimu wa mwaka, mahali, na hisia moja. Kisichosemwa hubeba nusu ya maana.

Si yeye wa kwanza kuandika juu ya chombo. Ogata Kenzan, mfinyanzi mashuhuri wa Kyoto aliyezaliwa mwaka wa 1663 na kufariki mwaka wa 1743, alikuwa amekwisha kuunganisha khati, picha na vyombo. Mara nyingi, hata hivyo, Kenzan alinakili tungo za washairi wa kale. Rengetsu aliandika tungo zake. Aliyefinyanga, aliyetunga na aliyeandika alikuwa mtu mmoja, na udongo ulipoingia motoni ulibeba mambo yote matatu pamoja. Huo ndio upya wake.

Upo upande mwingine ambao mhakiki wa fasihi hawezi kuupita bila kuuangalia. Tumezoea kuigawa fasihi katika simulizi na andishi, na kuifikiria hiyo andishi kuwa ni ya karatasi. Shairi la Rengetsu halikai katika mojawapo ya vyumba hivyo viwili kwa raha. Mistari yake, inayoandikwa kutoka juu kwenda chini kama ilivyo desturi ya Kijapani, huuzunguka mwili wa chombo, kwa hivyo msomaji hana budi kukizungusha kikombe kiganjani ili asome mpaka mwisho. Anasoma huku chai ikimuunguza vidole kidogo. Anaposoma kuhusu upepo katika misonobari, birika lenyewe liko jikoni likitoa sauti ambayo Wajapani, tangu zamani, wameifananisha na upepo huohuo. Akimaliza kunywa, shairi linaoshwa na kupanguswa na kurudishwa rafuni mpaka mgeni mwingine aje. Hakuna diwani inayoweza kusomwa hivyo.

Chai yenyewe ilikuwa na sehemu yake katika mafanikio haya. Ile sherehe ya zamani ya chai ya unga, yenye kanuni nyingi na vyombo vya bei ghali, ilikuwa imehodhiwa na wakubwa. Katika karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa wasomi, wachoraji na washairi wa Kyoto walivutiwa na chai ya majani iitwayo sencha, ambayo mtu aliweza kuitengeneza katika buli dogo na kuinywa na marafiki bila urasimu. Watu hao walikinai vyombo vilivyonyooka kupita kiasi. Vyombo vya mtawa wa Okazaki, vilivyopinda na kubonyea, viliwafaa barabara. Kile ambacho fundi angekiita kasoro, wao walikiona kuwa ni alama ya mtu asiyejisingizia. Bila shaka, walikuwa pia wakinunua jina na kisa cha mjane mzuri aliyejitenga na ulimwengu. Soko la sanaa halijawahi kuwa na moyo safi kabisa.

Na mashairi yenyewe je? Rengetsu alivutiwa na mafundisho ya Ozawa Roan, malenga aliyefariki mwaka wa 1801, aliyeshikilia kuwa waka uandikwe kwa maneno ya kawaida na kwa hisia ya kweli, usijazwe mapambo ya kale. Mjadala huo hauna ugeni kwa wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili. Rengetsu aliufuata mkondo huo maisha yake yote. Khati yake nayo ililingana na ushairi wake: herufi nyembamba, nyepesi, zilizoachana, zinazosomeka kwa urahisi kuliko za wenzake wengi wa wakati ule. Aliandika juu ya vimulimuli, theluji, vyura, mwezi, upweke wa nyumba ya mlimani. Shairi lake linalojulikana zaidi lahusu msafiri aliyenyimwa malazi usiku, ambaye haoni uchungu, kwa kuwa ukatili ule ndio uliomfanya alale nje, chini ya maua ya mcheri na mwezi hafifu. Anayejua kuwa mtungaji alifukuzwa na mauti kutoka katika kila nyumba aliyowahi kuiita yake hawezi kulisoma shairi hilo kama sifa za maua tu.

Aliandika pia maombolezo ya mumewe na watoto wake, lakini hayo si mengi. Linalostaajabisha katika vyombo vyake ni uhaba wa kilio. Mwanamke mwenye majeraha kama yale angetarajiwa kuujaza udongo machozi. Rengetsu aliandika kuhusu chipukizi la mpunga na sauti ya paa anayelia vilimani, na kuliachia chombo, kwa ukwaru wake na alama zake za vidole, kazi ya kusema kwamba kuna mtu aliyepita hapa. Ukimwonea huruma unakuwa umekosea namna ya kumsoma.

Umaarufu ulipokuja ulimchosha. Vyombo vyake vilipata jina lake, vikaitwa Rengetsu-yaki, na wateja na wageni wakawa hawampi nafasi ya kupumua. Dawa aliyoitumia ilikuwa kuhama. Inasemekana alihama zaidi ya mara thelathini, na kuna mwaka mmoja ambao unatajwa kuwa alibadilisha makao mara kumi na tatu. Watu wa Kyoto walimpa lakabu ya Rengetsu mhamahama. Mali yake ilikuwa chache, hivyo safari haikuwa nzito: udongo, zana kidogo, brashi, wino, sufuria. Mtu aliyewahi kutolewa nyumbani kwa lazima alikuwa sasa anaondoka kwa hiari yake, na tofauti hiyo si ndogo.

Pamoja na umaarufu walikuja waghushi. Watu walifinyanga mabuli mabaya mabaya kwa makusudi, wakaiga khati yake na kuyauza kwa jina lake. Msanii mwingine angekwenda kwa kadhi. Inasimuliwa kuwa Rengetsu aliwaruhusu, na kwamba wengine walipomletea vyombo vyao alivipokea na kuviandika mashairi yake kwa mkono wake, ili angalau vyombo vyao viuzike vizuri zaidi. Alijua njaa inamfanyia nini mtu. Mfinyanzi hulia gaeni, husema Waswahili. Fundi mmoja, Kuroda Koryo, alifanya kazi naye kwa karibu, akimfinyangia vyombo ambavyo Rengetsu aliviandika, na akaendelea kulitumia jina hilo baada ya kifo chake kama Rengetsu wa pili. Matokeo yake ni kuwa wahifadhi wa makumbusho hadi leo hukuna vichwa: hiki alikifinyanga, au alikiandika tu, au hakuwahi hata kukiona?

Kwa watu wanaotafuta sahihi moja ya mtu mmoja, hali hii ni mkanganyo. Hata hivyo, inafichua jinsi Rengetsu alivyoielewa kazi yake. Hakudai kuumiliki udongo wala umbo. Kitu ambacho hakumwachia mtu mwingine akitende kwa niaba yake ni kutunga. Vyombo vingi alivyovifinyanga au kuviandika, ambavyo pamoja na maandishi yake ya karatasi hukadiriwa kuwa makumi ya maelfu, vilikuwa kwake njia ya kulipeleka shairi mahali ambapo kitabu hakingefika. Maskini aliyenunua kikombe alijipatia waka na khati ya malenga kwa bei ya kikombe.

Katika miaka ya 1850, Rengetsu akiishi Kita-Shirakawa, alimpokea nyumbani kwake kijana mmoja kama msaidizi. Kijana huyo alikuwa Tomioka Tessai. Mikono ya mtawa ilikuwa imeanza kuchoka, na Tessai alibeba udongo na kuvipeleka vyombo kwenye matanuri. Malipo yake yalikuwa kuishi karibu na mtu aliyesoma na kutunga kila siku. Baadaye walishirikiana katika picha, Tessai akichora na Rengetsu akiandika shairi kando ya mchoro. Tessai, aliyefariki mwaka wa 1924, alikuja kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa kabisa wa Japani ya kisasa. Yeye aliyezika watoto wote aliowazaa alipata mtoto kwa njia ya udongo.

Nje ya kijumba chao nchi ilikuwa ikitokota. Meli za kivita za Marekani zilitia nanga mwaka wa 1853 na kuitaka Japani ifungue milango yake. Makundi yaliyotaka kumrudishia mfalme mamlaka yake yakapambana na wafuasi wa Tokugawa, na Kyoto ikawa uwanja wa mauaji ya mitaani. Mwaka wa 1864 mapigano yaliwasha moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mji. Rengetsu alikuwa na marafiki miongoni mwa waliomtetea mfalme, lakini vita vya Wajapani kwa Wajapani vilimhuzunisha. Inasimuliwa kwamba vilipozuka mwaka wa 1868 alimpelekea shairi Saigo Takamori, jemadari wa upande wa mfalme, akimsihi aiepushe nchi na umwagaji wa damu. Fedha alizozipata hakuziweka. Alitoa misaada wakati wa njaa, na daraja la Marutamachi, linalovuka mto Kamo, linatajwa kuwa lilijengwa kwa mchango wake. Mito haiangalii tabaka, na waliolivuka daraja hilo walikuwa wachuuzi na wakulima waliokuja mjini na mboga.

Mwaka wa 1865 alifanya uhamisho wake wa mwisho. Alikwenda Nishigamo, kaskazini-magharibi ya Kyoto, akapewa kibanda cha chai katika hekalu la Jinko-in, lililoongozwa na Wada Gozan, mchoraji aliyekuwa ameingia utawani. Alikuwa na miaka 74. Aliishi humo kwa muongo mmoja, na huo ulikuwa muongo wa kazi tele. Mashairi yake pamoja na ya rafiki yake Takabatake Shikibu, malenga mwingine wa kike wa Kyoto, yalichapishwa katika juzuu moja mwaka wa 1868, na miaka michache baadaye ikachapishwa diwani yake iitwayo Ama no karumo. Jina hilo ni mchezo wa maneno, kwani neno ama katika Kijapani humaanisha mtawa wa kike na pia mpiga mbizi, na karumo ni mwani uliovunwa. Mwani huokotwa kidogo kidogo na hauna thamani kubwa. Ndivyo alivyotaka mashairi yake yafikiriwe.

Katika miaka hiyo ya mwisho alikuwa na mazoea ya kutaja umri wake kando ya sahihi. Kikombe kimoja kinasema Rengetsu wa miaka sabini na kadhaa, kingine wa themanini na kitu. Wajapani wa zamani walimhesabia mtoto mwaka mmoja mara tu alipozaliwa na kuongeza mwingine kila mwaka mpya ulipoingia, ndiyo sababu tarakimu zake huzidi zetu kwa mwaka mmoja au miwili. Katika utamaduni ulioutukuza uzuri wa mwanamke kijana, na kwa mtu ambaye uzuri wa ujana ulikuwa mzigo, kuuandika uzee juu ya udongo na kuuchoma motoni ili usifutike kulikuwa na ladha ya ushindi. Mkono umeanza kutetemeka katika baadhi ya maandishi hayo, na mtetemeko wenyewe umechomwa pamoja na herufi.

Vyombo vyake vimesafiri mbali na Kyoto. Vimo katika makumbusho ya Japani, Marekani na kwingineko, na mwaka wa 2007 Jumba la Taifa la Sanaa la Australia, mjini Canberra, liliandaa maonyesho makubwa ya kazi zake. Humo vimewekwa ndani ya vioo na kumulikwa taa. Mtazamaji analazimika kuzunguka kabati ili asome, kwa kuwa kikombe hakizunguki tena.

Rengetsu alifariki tarehe 10 Desemba 1875 katika kibanda chake cha Jinko-in. Wanakijiji wa Nishigamo ndio waliomzika, katika makaburi ya hekalu la Saiho-ji, chini ya mti wa mcheri. Jiwe la kaburi ni dogo, halijachongwa likalainika. Jina lake lililoandikwa hapo ni khati ya Tomioka Tessai.